‘Poke at’ kwa Kiswahili: kugusa bila kufika

Katika somo la tafsiri kuna vitenzi vya Kiingereza ambavyo kila mwanafunzi anavijua, na kwa sababu hiyo hakuna anayevifungulia kamusi. ‘Poke’ ni kimojawapo. Ukimuuliza mwenzako atakujibu papo hapo: kuchoma, kudunga, kutia kidole. Jibu hilo linafaa, ila Kiingereza hakipendi kukiacha kitenzi hiki peke yake. Kinakifungia kineno nyuma, ‘poke at’, ‘poke out’, ‘poke around’, ‘poke through’, na kila kineno kinakuja na kazi yake. Katika makala hii nashughulika hasa na ‘poke at’. Ndicho kinachotusumbua zaidi sisi tunaotafsiri kwenda Kiswahili, na usumbufu wake ni wa aina mbaya: sentensi ya Kiswahili inatoka safi, mwalimu anaisoma bila kukwama, kumbe imesema jambo ambalo Kiingereza hakikulisema.

Kwanza niondoe neno moja njiani. Kuna ‘poke’ nyingine katika Kiingereza, nomino, maana yake mfuko au gunia dogo. Inasikika leo karibu tu katika msemo wa kununua nguruwe ndani ya ‘poke’, yaani kununua kitu usichokiona. Hiyo ni ndugu ya ‘poche’ ya Kifaransa na ya ‘pocket’ ya Kiingereza chenyewe, wala haina udugu na kitenzi chetu, ambacho asili yake ni ‘poken’ ya Kiholanzi na Kijerumani cha Kaskazini cha zama za kati. (Kifaransa kinamweka paka ndani ya mfuko huo, na Watanzania wanasema mtu ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Mnyama anabadilika, hasara ni ileile.)

Sasa tuweke sentensi mbili mezani:

She poked the snake with a stick.
She poked at the snake with a stick.

Katika ya kwanza, ncha ya fimbo ilimfikia nyoka. Katika ya pili, mwanamke yule alielekeza fimbo kwa nyoka, pengine mara kadhaa, na kuhusu kama alimfikia au hakumfikia sentensi imenyamaza. Kipimo chake ni chepesi. Malizia kila moja kwa maneno ‘but she couldn’t reach it’, yaani lakini hakuweza kumfikia. Sentensi ya pili inayapokea bila shida. Ya kwanza inajipinga yenyewe.

Katika isimu badiliko hili huitwa badiliko la konativu, kutokana na kitenzi cha Kilatini ‘conari’, kujaribu. Beth Levin amelieleza katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu makundi ya vitenzi vya Kiingereza. Jina lenyewe silipendi sana. Linafaa kwa mwanamke na nyoka wake, lakini mtoto ambaye ‘pokes at his food’ hajaribu kitu chochote. Uma wake unafika kwenye chakula kila mara, tena bila shida. Kinachokosekana ni hamu: anagusa hapa, anasukuma pale, sahani inabaki imejaa. Kwa hiyo ndani ya ‘at’ hii ndogo kuna mambo matatu yaliyofungwa pamoja: kwamba kitendo hakihakikishiwi kufika, kwamba kinarudiwarudiwa, na kwamba kinafanywa kwa nguvu kidogo au kwa nusu moyo. Katika sentensi moja jambo la kwanza ndilo linaloongoza, katika nyingine la tatu, na msemaji wa Kiingereza halazimiki kusema ni lipi. Sisi tunalazimika, na hapo ndipo tatizo letu lote linapoanzia.

Kabla ya kuja kwetu, neno moja kuhusu jina la kundi. Vitabu vya shule huweka ‘poke at’ katika orodha ileile na ‘poke out’ na kuviita vyote vitenzi vya maneno mawili. Mwanasarufi mkali atakataa. Katika ‘poke out’ kineno kinaweza kuruka upande wa pili wa yambwa: mama wa Kiingereza humwonya mtoto anayechezea fimbo kwamba ‘you’ll poke your eye out’, utajitoboa jicho, na jicho likigeuka kiwakilishi lazima likae katikati, ‘poke it out’. Hakuna anayesema ‘poke it at’. ‘At’ ni kihusishi cha kawaida kinachoshikamana na nomino inayoifuata, wakati ‘out’ ni sehemu ya kitenzi. Tofauti hiyo ni ya kweli na katika mtihani inafaa kuijua. Kwa mtafsiri, jambo linaloonekana zaidi ni jingine: ‘poke out’ ina matokeo yake ndani, jicho limetoka, na ‘poke at’ haina matokeo yoyote. Vineno viwili, kitenzi kimoja, na kimoja kinaleta kile ambacho kingine kinakiondoa.

Si kila kitenzi cha Kiingereza kinakubali ‘at’ ya namna hii. Inasemwa ‘hit at’, ‘kick at’, ‘cut at’, ‘peck at’. Haisemwi ‘break at the bread’ wala ‘touch at the snake’. Maelezo yanayotolewa na wataalamu ni kwamba kitenzi kinahitaji kuwa na mwendo na mgusano kwa pamoja. ‘Touch’ ina mgusano bila mwendo; ‘break’ inataja matokeo na haijali yalifikiwaje. Msomaji aiweke kanuni hii karibu, kwa sababu Kiswahili kitaivunja.

Tuje sasa kwenye kazi yetu. Njia ya kwanza ya kutafsiri, ile ya wengi, ni kumeza ‘at’: Alimchoma nyoka kwa fimbo. Hapo nyoka ameingiwa na ncha. Msomaji wa Kiswahili atatarajia sentensi inayofuata iseme kama nyoka alikufa. Juu ya hayo, ‘choma’ ina maana ya moto pia, na hapa Lubumbashi msomaji anaweza kuona mbabula kabla hajaona fimbo.

Njia ya pili ni kutafuta kihusishi kinacholingana na ‘at’ na kuandika ‘alichoma kwa nyoka’ au ‘alichoma kwenye nyoka’. Sina la kusema juu ya njia hii ila kwamba sikio linaikataa.

Njia ya tatu inastahili heshima zaidi, kwa kuwa wanaoifuata wameona jambo la kweli. Wanasema: kihusishi cha Kiingereza mara nyingi kinajibiwa na kauli ya kutendea katika Kiswahili, basi ‘poke at’ ni ‘chomea’. Ushahidi wao ni mzuri. Tazama jozi hizi:

Alimpiga jiwe. Alimrushia jiwe.
Alimpiga risasi. Alimfyatulia risasi.

Katika kila jozi sentensi ya kwanza inadai kwamba jiwe au risasi ilifika mwilini. Ya pili inasema tu kwamba ilielekezwa huko. Ukiongeza ‘lakini ikamkosa’ hakuna atakayeshangaa. Kiingereza kinafanya vivyo hivyo kwa ‘shot him’ na ‘shot at him’, na Kifaransa nacho, kwa kuwa ‘tirer sur quelqu’un’ haina maana kwamba mtu huyo amepatwa. Mbele ya hakimu tofauti hii si ya sarufi tu. Shahidi anayesema ‘alimrushia jiwe’ na karani anayeandika kwa Kifaransa kwamba mtu alipigwa jiwe wamesimulia visa viwili, na mshtakiwa mmoja ndiye atakayevijibu vyote.

Kwa nini basi njia hiyo inakwama kwenye ‘choma’? Jibu liko katika kile ambacho kitenzi kinakichukua kuwa yambwa. Unaporusha, yambwa ya kitenzi ni jiwe. Mlengwa hana nafasi bado, na kiambishi cha kutendea ndicho kinachomfungulia mlango: rusha jiwe, mrushie mtu jiwe. Mlengwa huyo anaingia kama mahali pa kuelekea, bila ahadi ya kufika. Unapochoma, yambwa tayari ni kile kinachochomwa. Nafasi ya mlengwa imejaa. Ukiongeza kiambishi cha kutendea, kitaleta mtu mwingine au kitu kingine: anayefaidika, chombo, mahali. Kwa hiyo ‘alimchomea nyoka’ itasikika kwamba nyoka alichomewa kitu, labda nyama, na mtu mkarimu. Na ‘kuchomea’ bila yambwa ya mtu ni kazi ya fundi anayeunga vyuma, yule mwenye miwani meusi na cheche miguuni. Umbo moja, kauli moja, na matokeo mawili tofauti kabisa kulingana na kitenzi kinachobebwa. Nadhani hili ni jambo ambalo tungepaswa kulifundisha mapema, kwa sababu orodha za ‘kihusishi hiki ni kiambishi kile’ zinazozunguka katika daftari zetu zinalificha.

Kuna hata hivyo kitenzi kimoja ambacho kauli ya kutendea inakifaa sana: chezea. Mtoto ‘anachezea chakula’. ‘Cheza’ haina yambwa ya kitu kinachoguswa, kiambishi kinaileta, na kwa kuwa ni mchezo, matokeo hayadaiwi. Kwa sahani ya mtoto asiye na njaa sijapata tafsiri bora kuliko hiyo. Ni tafsiri iliyoachana na ncha na kidole kabisa ikabaki na nia, na Kiingereza, katika sentensi ile, kilikuwa kinazungumzia nia.

Njia ya nne ni uradidi, kurudia shina la kitenzi: gusagusa, chomachoma, donoadonoa, onjaonja, bonyezabonyeza. Viambishi vya mwanzo vinabaki mahali pake mara moja tu, shina ndilo linalorudi: anamgusagusa, walilibonyezabonyeza. Wengi wetu tulifundishwa kwamba uradidi una maana ya kufanya mara nyingi, na tukaishia hapo. Masikio yetu yanajua zaidi. Mtu ‘anayeonjaonja’ hajaonja sana. Ameonja kidogo hapa na kidogo pale. Mtoto ‘anayebonyezabonyeza bukari’ hajakula. (Nachukua bukari makusudi. Mfano wa uma na samaki ni wa vitabu vyao. Kwenye bukari na sombe kitendo kinafanywa na vidole, na kinaonekana vizuri zaidi, kwa kuwa tonge linabaki na alama za vidole na haliendi mdomoni.) Na kuku ‘anayedonoadonoa’ anafanya kile ambacho Kiingereza kinaita ‘peck at’, kwa ‘at’ ileile.

Hivyo mtu anaweza kuharakisha kuandika kanuni: pale Kiingereza kinapoweka ‘at’, Kiswahili kinarudia shina. Kanuni hiyo ni nzuri mno kuwa kweli. Jaribu na ‘kata’. Kwa Kiingereza ‘she cut at the rope’ ina maana kwamba kamba huenda bado ni nzima. Kwa Kiswahili ‘aliikatakata kamba’ ina maana kwamba kamba imekwisha, vipande viko chini. Jaribu na ‘vunja’, ambayo Kiingereza hakiiruhusu kabisa kuchukua ‘at’: alikivunjavunja kiti. Kiti hakipo tena. Uradidi uleule uliopunguza katika ‘onjaonja’ umezidisha katika ‘vunjavunja’.

Maelezo yangu ni haya. Uradidi wenyewe haupunguzi wala hauzidishi. Unasema wingi wa kitendo, vitendo vidogo vingi mahali pa kimoja. Kama kitenzi hakibebi matokeo ndani yake, kama gusa, onja, bonyeza, donoa, basi vitendo vidogo vingi vinabaki vidogo, na sikio linasikia wepesi na nusu moyo. Kama kitenzi kinabeba matokeo, kama kata, vunja, chana, toboa, basi kila kitendo kidogo kinaacha tokeo lake, na matokeo mengi yanafanya uharibifu mkubwa. ‘Choma’ inasimama mpakani, na ndiyo sababu ‘chomachoma’ inanitia wasiwasi: mwili uliochomwachomwa kwa kisu si mwili ulioguswa kwa nusu moyo. Mtu akitaka kutafsiri ‘poke at’ kwa uradidi, basi aanze kwa kuacha ‘choma’ na kuchukua kitenzi chepesi zaidi.

Na hata ‘gusagusa’ haibebi kila kitu. Turudi kwa nyoka. ‘Alimgusagusa nyoka kwa fimbo lakini hakumfikia’ haiwezekani. Kugusa ni kufika. Uradidi umeokoa mambo mawili kati ya matatu, kurudia na wepesi, ukapoteza lile la kwanza, kutohakikisha kufika. Kama lile la kwanza ndilo linaloongoza sentensi, itabidi tuseme kwa njia nyingine: alimnyooshea nyoka fimbo mara kadhaa, au alijaribu kumgusa nyoka kwa fimbo. Angalia ‘nyooshea’: kauli ya kutendea imerudi, kwa sababu kwenye ‘nyoosha’ yambwa ni fimbo, kama jiwe kwenye ‘rusha’.

Hapa nataka kugusia kiambishi chetu cha Kongo, kwa sababu wenzangu wawili walinipinga wakisema kwamba tayari tuna umbo la kurudia na hatuhitaji uradidi. Lubumbashi tunasema ‘anagusaka’, na watu wa Bukavu na Goma wanasema ‘anagusaga’. Ni kiambishi cha zamani cha lugha za Kibantu ambacho Kiswahili sanifu hakikukihifadhi, ingawa katika mazungumzo ya Tanzania kinasikika. Lakini kurudia kwake ni kwa siku na siku: anagusaka ni huwa anagusa, ndiyo desturi yake. Anagusagusa ni sasa hivi, mbele yangu, kidogokidogo. Ndiyo sababu hakuna kinachotuzuia kuviweka vyote pamoja mtu anapokuwa na desturi ya kugusagusa.

Sehemu inayonifurahisha zaidi ni ile ambayo Kiswahili hakihitaji hila yoyote, kwa kuwa kina vitenzi vyake vyenyewe. Viweke kwa mstari uone sura zao: chokoa, chokora, chokonoa, chokoza, chochea. Sidai kwamba vyote vimezaliwa na mama mmoja. Hilo linahitaji kazi ya mwanahistoria wa lugha. Nasema tu kwamba msemaji anavisikia pamoja. Chokoa ni ya meno na kijiti. Chokora ni kuparuaparua kwa ncha ndani ya kitu ili kupata kilichomo, na Kenya neno hilo limekuwa jina, la dharau, la watoto wanaotafuta chakula jalalani. Chokonoa ni ya tundu: sikio, mwanya wa ukuta, shimo la panya, na kutoka huko imekwenda kwenye siri na mambo ya watu. Chokoza imeacha ncha kabisa. Anayekuchokoza hakugusi, anakusukuma kwa maneno mpaka umjibu, kama Mwingereza anavyosema kwamba fulani ‘pokes the bear’, anamchokoza dubu. Kutoka hapo tumepata uchokozi, neno ambalo katika magazeti ya mashariki ya nchi yetu limekuwa zito kuliko kijiti chochote.

Na chochea ni ya moto. Kiingereza kina ‘poke the fire’, na chuma cha kufanyia kazi hiyo kinaitwa ‘poker’. Lakini tofauti ileile ya matokeo inarudi: anayechochea anasogeza kuni ili moto uwake, na neno linasikika limefanikiwa. Uchochezi haumaanishi kwamba mtu aligusagusa makaa. Kama katika hadithi ya Kiingereza mzee ‘pokes at the fire’ huku akiwaza mambo yake, kuandika ‘alichochea moto’ ni kumpa kazi ambayo hakuifanya. Alichokorachokora makaa, basi. (Sisi wa Katanga tungesema makala, na ninafurahi kwamba neno hilohilo ndilo linaloitwa maandishi haya.)

Kwa wale wanaopita kwenye Kifaransa ili wafike kwenye Kiswahili, na karibu sote tunapita huko, habari ni nzuri kidogo. Kamusi ya Kiingereza na Kifaransa itawapa kwanza ‘piquer’, ‘enfoncer’, ‘pousser du doigt’, na hizo zote zinapotosha kama ‘choma’ inavyopotosha. Lakini Kifaransa kina kiishio kinachofanya karibu kazi ya uradidi wetu. Kutoka ‘taper’ kuna ‘tapoter’, kutoka ‘mordre’ kuna ‘mordiller’, kutoka ‘sauter’ kuna ‘sautiller’, kutoka ‘tousser’ kuna ‘toussoter’. Sema kwa Kiswahili: kupigapiga, kung’atang’ata, kurukaruka, kukohoakohoa. Na kwa sahani ya mtoto kuna ‘chipoter’, ambayo inafaa moja kwa moja. Lugha tatu zimeuweka wepesi mahali patatu: Kiingereza nyuma ya kitenzi, Kifaransa katika mkia wake, Kiswahili katika mwili mzima unaorudiwa. Ulinganifu una mwisho, bila shaka. ‘Vivoter’ haitoi ‘kuishiishi’. Kwa hilo Mkongomani ana ‘article 15’ na anaelewana na wenzake.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema kwamba ni mchezo wa wanafunzi. Ageuze sentensi iwe katazo. Chukua maneno ambayo yanaweza kupatikana katika karatasi yoyote ya maelezo ya hospitali: ‘Do not poke at the wound’. Katika ukanushaji nguvu zinageuka. ‘Poke at’ ni dhaifu ikiwa inathibitisha, kwa sababu inadai kidogo; ikikanushwa inakataza mengi, kwa sababu hata kile kidogo kimekatazwa. Anayeambiwa asifanye hata kuelekeza kidole huko, hana ruhusa ya kitu chochote. ‘Usichome kidonda’ inafanya kinyume. Inakataza tendo zito, kutia ncha au moto, na mgonjwa anayekwaruza gamba la kidonda chake kila jioni kwa ukucha atasoma, atakubali, ataendelea. Hajachoma. Kwa maandishi, amemtii daktari.

Tafsiri ninayoitetea ni ‘usikiguseguse kidonda’, na kwa kidonda chenye shimo, ‘usikichokonoe’. Umbo la kwanza lina jambo dogo la sarufi linaloteleza katika daftari: irabu ya mwisho inageuka kuwa -e kwenye nakala zote mbili za shina, usiguseguse, kama tunavyomwambia mtoto usichezecheze. Mtu anaweza kuuliza kwa nini si ‘usiguse’ tu, fupi na kali. Kwa waya wa umeme, au kwa bomu lililolala shambani, ndiyo, ‘usiguse’ ni sawa na haipaswi kuongezwa neno. Kidonda ni kitu kingine. Lazima kiguswe, kioshwe, kifungwe. Karatasi inayokataza kugusa kabisa itapingana na ukurasa wake wa pili unaoeleza namna ya kusafisha, na msomaji atachagua mwenyewe ni sentensi ipi aisadiki. ‘Guseguse’ inakataza ule mchezo wa vidole na kuacha kazi ya mikono iliyooshwa.

Matumizi ya mafumbo nitayapita haraka, kwa kuwa mengi yana majibu yake tayari. ‘Poke fun at’ ni kumtania au kumdhihaki mtu, kulingana na ukali, na ‘at’ yake ni ya ‘laugh at’, mlengwa wa kicheko. ‘Poke around’ ni kupekuapekua. Kuku tena, safari hii kwa miguu badala ya mdomo. ‘Poke holes in’ hoja ya mtu ni kuitoboatoboa, na hapo uradidi unazidisha kama unavyotakiwa, kwa kuwa matundu ni matokeo na Kiingereza chenyewe kimeyataja.

Linalohitaji kusimama ni moja. Mwandishi wa habari anaandika kwa Kiingereza kwamba hotuba fulani ‘poked at old wounds’. Kiswahili kina msemo ulio tayari mdomoni, mzuri, wa kale: hotuba ilitonesha madonda. Mkono unauandika wenyewe. Lakini kutonesha ni kuumiza tena mahali palipokuwa pameanza kupona. Kidonda kilichotoneshwa kimeuma. Mwandishi alisema kwamba hotuba ilielekeza kidole kwenye madonda ya zamani, akanyamaza kuhusu kama kuna aliyeumia. Mtafsiri amejaza kimya hicho. Katika mkoa ambao watu bado wanahesabu waliowapoteza, na ambako msemaji wa hotuba ana wafuasi na wapinzani wanaosoma gazeti moja, ‘ilitonesha’ ni shtaka na ‘iligusagusa’ ni maelezo. Mimi ningeandika kwamba hotuba iligusagusa madonda ya zamani, na kama mhariri akiniambia kwamba ‘ilitonesha’ ni Kiswahili kitamu zaidi, nitamkubalia kuhusu utamu na kumwomba anionyeshe aliyeumia.